Kutoka kashani hadi kwenye simu: jinsi ya kuweka picha za kale za Lamu mtandaoni

Usiku mmoja nilikuwa nikitafuta mtandaoni picha ya kale ya siwa, ile pembe kubwa iliyokuwa ikipulizwa kwenye harusi na shughuli za mui, yaani za mji. Niliandika "siwa", nikaandika "siwa ya Lamu", nikaandika "mpiga siwa". Kimya. Nilipogeukia Kiingereza, tena yale maneno ambayo afisa wa kikoloni angeyatumia, ndipo picha ikatokea, safi kabisa, kwenye hazina ya chuo kimoja cha ng'ambo. Maelezo yake ukiyafasiri yalisema: mwenyeji akipuliza pembe. Basi. Hakuna siwa, hakuna mtaa, hakuna jina la mtu.

Picha ile ilikuwa mtandaoni miaka na miaka, na kwetu sisi ilikuwa bado imefungiwa kashani. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na skana. Skana ni kazi ya wiki mbili. Kazi yenyewe ni kuipa picha jina ambalo Mwamu, mtu wa Lamu, akiliandika kwenye simu, picha itatokea, na jina hilo liko kwa watu ambao hawatakuwa nasi siku zote.

Nawaandikia kikundi kidogo: vijana watatu wanne, mwalimu mmoja, laptop moja, na nyumba kadhaa zenye albamu. Angalau mmoja wenu awe mwanamke. Sababu utaiona mbele.

Tafuta kwanza kilichokwisha wekwa

Picha nyingi za pwani yetu zilipigwa na wageni na zikaondoka nao. Mkusanyiko wa Winterton, ulioko maktaba ya Herskovits ya chuo kikuu cha Northwestern huko Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na kuzitazama ni bure. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo imeweka kwenye Flickr, tovuti ya picha, maelfu ya picha zilizotoka Wizara ya Makoloni. Wajerumani walikuwa Witu kuanzia 1885 hadi 1890, na hapa Lamu walifungua posta yao 1888, kwa hiyo usiziruke hazina za Ujerumani, hasa ile ya picha za kikoloni iliyoko maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt.

Ukitafuta huko, andika kama walivyoandika wao: Lamoo, Vitu, Patta, Siu, Shella. Kila chombo chenye tanga kwao ni "dhow", kiwe mtepe, jahazi, mashua au dau. Kila mwanamke ni "Arab" au "native" kutegemea nguo aliyovaa siku hiyo. Inaudhi, lakini ndio ufunguo wa mlango huo, utumie.

Ukiipata picha, usiipakue na kuisambaza tu. Andika kwenye daftari kiungo chake, namba yake ya hazina na masharti ya matumizi yaliyoandikwa chini yake. Kisha waandikie wenye hazina uwasahihishe. Mimi niliwaandikia kuhusu ile pembe. Ilichukua miezi, jibu likaja, na sasa neno siwa limo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna mfano mzuri: miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali hapa hapa Lamu kupitia mpango wa British Library wa hazina zilizo hatarini, na inasomeka mtandaoni. Vitabu vyenyewe havikuhama. Hilo ndilo la kuiga, kinachosafiri ni nakala.

Albamu ina wenyewe

Hapa ndipo nilipoanguka, wacha nisimulie. Albamu ya kwanza niliyoishughulikia ilikuwa ya shangazi yangu. Alinipa kwa moyo mweupe. Nikaskani kila kitu kwa siku mbili, na kwa furaha yangu nikatuma picha mbili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Moja ilikuwa ya bibi harusi, kichwa wazi, mikono yenye hina, amekaa mbele ya pazia la studio. Bibi harusi yule leo ni nyanya wa watu na anakaa Mombasa. Kabla ya alasiri alikuwa ameshampigia shangazi simu. Albamu ikarudi kabatini, kabati likafungwa, na mwaka mzima hakuna nyumba ya upande ule iliyonifungulia mlango. Walikuwa na haki.

Lamu ni mji ambao zamani bimkubwa akitoka alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kama hema dogo kilichobebwa juu ya miti na watumwa wake, asionekane. Buibui lilipokuja, heshima ile ile ilipata vazi jepesi. Halafu studio zikaja, na wasichana wakaenda wakavua buibui mbele ya kamera kwa sababu picha ilikuwa ya albamu, na albamu kwetu ina watazamaji wake: wanawake wenzake na maharimu, yaani jamaa wasioweza kumuoa. Anayeiweka picha hiyo hadharani hajaifungua hazina, amefungua mlango wa chumba cha mtu.

Kwa hiyo uliza picha kwa picha, kamwe usiulize kwa albamu nzima. Sisi tunatumia vikaratasi vya rangi tatu. Kijani ni picha ya wazi, kila mtu aione. Manjano ni ya ndani: tunaichukua nakala na kuihifadhi, lakini haitoki mpaka familia iseme. Nyekundu haiskaniwi kabisa. Mwanamke wa kikundi chenu akae na wenye nyumba, wafungue kurasa pamoja, wengine wangoje barazani.

"Bimkubwa, hii niiweke wazi?"

"Hiyo weka. Hiyo nyengine, funika."

Hakuna la kubishana hapo. Andikeni ruhusa kwenye karatasi moja ya Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti, atie saini au dole, naye abaki na nakala. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kujua data yake inatumiwaje na kupinga isitumiwe. Lakini hata bila sheria hiyo ungeuliza, kwa sababu mji ni mdogo na utakutana naye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kesho asubuhi.

Watoto waliomo pichani leo ni watu wazima. Wanaopatikana, waulizwe wao wenyewe, si wazazi wao peke yao.

Kuna na hakimiliki, ambayo ni jambo jingine tofauti na ruhusa. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliyopigwa, au iliyotolewa kwa umma, au iliyochapishwa, ule ulio wa mwisho. Picha iliyopigwa na kutolewa 1970 ilikuwa huru mwisho wa 2020. Ya 1985 bado ina mwenyewe, na mara nyingi ni mpiga picha au warithi wake. Wenye studio watafuteni kwa miguu. Kasha la negativu za studio moja lina nyuso nyingi kuliko albamu za mtaa mzima, na hapo ruhusa inakuwa ngumu zaidi, maana negativu ziko kwa mtu mmoja na nyuso ni za watu mia.

Usiharibu ulichokuja kuokoa

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na picha za karatasi hunata zenyewe kwa zenyewe, hasa miezi ya mvua. Zikinata, usizivute. Zile albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi na plastiki juu ni balaa. Ukiibandua picha, unabandua na uso wa mtu. Skani ukurasa mzima kama ulivyo, kisha kata kila picha kwenye kompyuta. Picha iliyogandia kioo cha fremu piga humo humo ndani ya kioo.

Nawa mikono, kausha vizuri, shika picha kwa kingo. Negativu zishike kwa glovu. Vumbi lipeperushwe kwa brashi laini. Kitambaa chenye maji, mate, shati, hapana. Kama ni lazima uandike nyuma, tumia penseli laini na uandike pembeni. Bolpeni inapenya.

Negativu zikinuka siki zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine na uziskani kwanza, kwa sababu harufu hiyo hairudi nyuma. Negativu za filamu za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa za naitreti, ambayo hushika moto kwa urahisi mno. Usizirundike chini ya bati wala usizipige taa ya joto. Hizo nenda kawaulize watu wa makumbusho kabla hujafanya lolote.

Na usikubali kupewa picha halisi ukaziweke "ofisini". Nenda na vifaa nyumbani kwa watu, fanya kazi yako ukumbini, uache kila kitu mahali pake kabla ya magharibi. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja wa mjini mwingine picha 30 azisafishe, zikarudi 26.

Kuskani, na simu pia inatosha

Skana ya kawaida ya mezani inafaa kwa picha za karatasi. Weka nukta 600 kwa inchi, rangi kamili hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na uzime kila kitufe cha "kuboresha". Ile rangi ya hudhurungi ya picha ya kale, doa la chai, pembe iliyokatika, vyote vibaki. Faili kuu iwe TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa kipimo hicho ni kama megabaiti 25, kwa hiyo picha 500 ni gigabaiti 12 na ushei. Diski ya nje ya kawaida inazimeza bila kuhisi.

Kwa negativu za milimita 35 unahitaji skana yenye taa kwenye kifuniko, na kipimo kipandishwe hadi nukta 3200 hivi. Usiskani negativu kwa 600 ukashangaa kwa nini nyuso ni ukungu. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko stempu kubwa.

Huna skana? Kamera ya simu yenye megapikseli 12 ikipiga picha ndogo ya sentimita 9 kwa 13 ikijaza fremu, inakupa zaidi ya pikseli 700 kwa kila inchi. Kwa hesabu inapita skana, ingawa lensi ya simu hupinda kingo na haiwezi kulingana nayo kwa ukali. Inatosha sana kwa kuanzia. Weka picha sakafuni juu ya karatasi nyeupe, chini ya kivuli angavu, kama barazani saa nne asubuhi jua likiwa upande wa pili wa ukuta. Simu ikae kwenye stendi au juu ya vitabu viwili, sambamba kabisa na picha. Flashi zima.

Adui mkubwa ni mng'aro, hasa picha zenye kioo au karatasi ya kung'aa. Dawa yake iko kila nyumba ya Lamu: buibui jeusi. Tundika buibui nyuma ya simu, toboa nafasi ya lensi katikati ya mikunjo, na kioo kitaakisi weusi mtupu badala ya dari na uso wako. (Toboa kwa maana ya kupanga mikunjo. Ukikata tundu, ni juu yako na mwenye buibui.)

Piga pia upande wa nyuma wa kila picha yenye maandishi, muhuri wa studio, au hata namba tu. Nyuma ya picha mara nyingine kuna thamani kuliko mbele.

Namba kwanza, jina baadaye

Faili usiipe jina la mtu wala la tukio. Yakibadilika utachanganyikiwa. Ipe namba: herufi za mkusanyiko, namba ya albamu, namba ya picha. MKM-04-017 ni picha ya 17 ya albamu ya nne ya mkusanyiko wa mtaa wa Mkomani. Upande wa nyuma ni MKM-04-017-n. Fuata mpangilio wa albamu ulivyo, kwa sababu aliyeipanga alikuwa na maana yake. Picha ya 16 na ya 18 ndizo mara nyingi zinazokuambia ya 17 ni ya harusi gani.

Kukaa na wazee

Sasa kazi yenyewe. Chapisha picha kubwa, kiasi cha karatasi ya A4, au tumia tableti inayoweza kukuza. Nenda baada ya alasiri, barazani, mkiwa wawili: mmoja azungumze, mwingine arekodi na kuandika. Sabalkheri au masalkheri, hali, watoto, kahawa. Picha zitoke mwisho.

Usianze kwa "huyu ni nani?" Mtu asipojua jina huona haya, naye hufunga mazungumzo. Mzee mmoja alinifunza hilo. Nilimpa picha ya wanaume watatu wamesimama, nikaanza kuuliza majina. Akaisogeza mbali na macho yake.

"Usinionyeshe nyuso, mwanangu. Nionyeshe nyuma yao kuna nini."

Nikamkuzia upande wa nyuma: kuta za ngome, mti wa mkungu, rundo la bidhaa, na mlango mmoja wazi. Akautazama ule mlango kwa muda. Akataja duka lililokuwa hapo, akataja mwenye duka, akakumbuka lilifungwa lini, kisha, kama aliyekumbushwa na mtu mwingine, akataja wawili kati ya wale watatu. Wa tatu hakumjua. Dakika kumi na moja za kurekodi, na katika hizo majina yalikuwa sekunde nne.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma nyuma ya nyuso. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na wakati huo bahari ilifika karibu nayo. Safu ya majengo iliyoko sasa baina yake na maji imesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye, kwa hiyo picha yenye maji karibu na ngome ni ya kale kweli. Ngome ilikuwa gereza mpaka 1984. Ukiona wageni wakipiga picha uani mwake kwa raha, ni baada ya hapo. Makumbusho ya Lamu, yale ya ukingo wa bahari, yalifunguliwa 1971 katika nyumba ambayo kabla ya Uhuru ilikaliwa na madisii (wakuu wa wilaya) wa kikoloni, basi bendera na kibao cha mlangoni hukupa majira. Ukiuona mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari, chenye tanga la mkeka, shika pumzi: haujaonekana kazini majini tangu kabla ya Uhuru.

Mwezi nao unasomeka. Majahazi makubwa ya Arabuni yalikuja na kaskazi na kuondoka kusi lilipoanza. Bandari iliyojaa hayo majahazi ni ya kati ya Desemba na Aprili. Na ukiona zefe la Maulidi la Riyadha, ni Mfunguo Sita, yaani mwezi wa Rabiul-Awwal. Hilo linatupeleka kwenye tarehe za hijria, ambazo ziko nyuma ya picha nyingi na vijana wengi huzidhani ni namba za simu za zamani. Zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97, jumlisha 622, unapata mwaka wa miladi kwa karibu. 1383 ilianza Mei 1963 na kwisha Mei 1964, yaani ndio mwaka wa Uhuru, na Mfunguo Sita wake uliangukia Julai na Agosti 1963. Mtu akikuambia "Maulidi ya mwaka wa Uhuru", una hakika ya mwezi bila kubahatisha. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yapeleke kwa mwalimu wa madrasa aliyezoea khati za barua, si za Kurani peke yake. Ni macho mawili tofauti.

Kila kitu kiingie kwenye jedwali moja la kompyuta, mstari mmoja kwa kila picha. Mstari wa picha ya wale wanaume watatu ukiusoma unakwenda hivi:

Namba: MKM-04-017
Kichwa: Wanaume watatu Mkunguni, mbele ya ngome
Mwaka wa mapema: 1955
Mwaka wa mwisho: 1963
Sababu ya mwaka: duka lililo nyuma lilifungwa kabla ya Uhuru, kwa maelezo ya msimulizi
Mahali: Mkunguni, Lamu
Waliomo, kutoka kushoto: (jina), (jina), hajatambulika
Msimulizi: mzee wa Langoni, rekodi namba 9
Mwenye picha: familia, Mkomani
Ruhusa: kijani
Maneno ya kutafutia: ngome, Ngomeni, Mkunguni, mkungu, kanzu, kofia, duka

Zingatia safu tatu hapo. Miaka ni miwili, wa mapema na wa mwisho, kwa sababu "1960 hivi" haitafutiki na pia si kweli. "Sababu ya mwaka" ipo ili atakayekuja na ushahidi bora ajue anapinga nini. Na maneno ya kutafutia yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiamu pia: mji na mui, njia na ndia, macho na mato ikibidi. Kiingereza ongeza mwisho, ili mtafiti wa mbali naye asikose.

Kisha andika sentensi moja au mbili za kueleza kinachoonekana, kwa ajili ya asiyeona anayesomewa na simu yake. "Picha ya kale" haimsaidii. "Wanaume watatu wenye kanzu na kofia za kushona wamesimama kivulini, ukuta mrefu wa ngome nyuma yao" inamsaidia. Ajabu ni kwamba ukilazimika kuandika hivyo unaanza kuona vitu ambavyo ulikuwa umevipita.

Kupakia

Tengeneza nakala nyepesi za JPEG, upande mrefu pikseli 1600, kiasi cha kilobaiti 350. Picha 500 hazifiki megabaiti 200, na mtu mwenye bando la siku anaweza kuziperuzi bila kulia. Alama kubwa ya maji (jina au nembo inayochapwa juu ya picha) katikati ya uso wa marehemu wa mtu naiomba sana usiiweke.

Mahali pa kuweka panategemea rangi ya kikaratasi na nguvu zenu. Wikimedia Commons, hazina ya picha ya Wikipedia, ni bure, inadumu, na picha zake huonekana haraka kwenye utafutaji, lakini inataka leseni huru kabisa: yeyote aweze kuzitumia, hata kwa biashara. Tena leseni hiyo ukishaitoa huirudishi. Picha za hakimiliki iliyokwisha na mandhari za mji zinafaa huko. Nyuso za familia, hata zenye kijani, mimi siziweki huko bila kumweleza mwenyewe kwamba anaweza kuiona sura ya babake kwenye kopo la biskuti. Internet Archive inakubali masharti yenu wenyewe na haina malipo. Ukiwa na mtu anayejua tovuti, Omeka ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, ila tovuti inalipiwa kila mwaka, na siku kikundi kikigombana au mfadhili akienda zake, inazimika na picha zote. Nimeziona mbili zikizimika hivyo. Ukifungua tovuti, basi iwe dirisha tu, na picha zenyewe zikae pia mahali pengine.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya kisiwa. Moja wapeni maktaba iliyoko ngomeni, kwa diski. Kila Mfunguo Mosi, baada ya Idi, fungueni diski muone kama bado zinasoma.

Ramani

Mwaka 2015 mradi wa OldNYC uliweka kiasi cha picha 40,000 za kale za New York kwenye ramani, ukitumia majina ya barabara zinazokutana yaliyokuwa kwenye maelezo ya picha. Ni kazi ya kupendeza, na njia yake hapa haifai. Vichochoro vyetu havina majina ya vibao wala nyumba hazina namba. Sisi tunaelekezana kwa msikiti, kisima na baraza ya fulani. Basi tengenezeni orodha yenu ya alama 30 au 40: misikiti kwa majina, Mkunguni, ngome, madaka (vibaraza vya milangoni) ya Usita wa Mui, gati, visima. Kila alama ipate nukta yake kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kila picha ifungwe kwenye alama iliyo karibu. Nyumba ya mtu binafsi usiipigie nukta. Mtaa unatosha.

Kuzirudisha

Kila familia ipewe faili zake kwa njia wanayoiweza, na wengi njia hiyo ni picha ya karatasi iliyochapishwa upya, kubwa, yenye jina nyuma. Kisha tundikeni picha za kijani ukutani Mkunguni jioni moja, na penseli imefungwa kwa uzi chini ya kila picha. Watu watasahihisha. Watabishana pia, na mabishano yaandikwe yote mawili kwenye jedwali: fulani asema hivi, fulani asema vile. Usifute la kwanza kwa sababu la pili limesemwa kwa sauti kubwa.

Jioni yetu ya kwanza, chini ya namba 017, mtu aliandika kwa penseli kwamba yule wa tatu ni mtu wa Shela, nahodha, na mjukuu wake yuko. Hakuandika jina lake mwenyewe. Jumamosi tunakwenda Shela.